Barafu Yenye Mapovu

Saa tisa na dakika kumi alasiri, tarehe 11 Januari, kipimajoto cha ukutani mwa duka la kijiji cha Tiitteekh kilionyesha nyuzi 57 chini ya sifuri. Ilikuwa siku ya kumi na mbili mfululizo chini ya hamsini. Shule ilikuwa imefungwa na ndege ya wilaya hairuki. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na Barbaara alitoka nje kuchukua barafu ya chai.

Hakuliona lango lake mwenyewe. Katika baridi ya namna hiyo moshi wa majiko na pumzi za ng'ombe havipandi juu. Hutanda chini vikawa ukungu mmoja, na mtu hutembea kwa kumbukumbu na kwa masikio. Alihesabu hatua kuelekea banda. Mbele yake theluji ikalia chini ya buti za mtu mwingine.

Krr. Krr.

"Nani?"

"Mimi, shemeji. Usinipige na mtaimbo, bado sijaoa mara ya pili."

Alikuwa Uybaan, binamu wa mumewe, mwenye trekta pekee ya kubebea barafu kijijini. Kope zake zilikuwa nyeupe.

"Trekta imeamka?"

"Iamke wapi! Mpira wa mafuta umekatika kama biskuti. Ng'ombe wa mama mkwe wako wamefungwa viwele kwa sidiria za manyoya, trekta yangu iko uchi. Haya niambie, nani kati yetu ana akili?"

Barbaara alicheka bila kufungua mdomo. Hewa ilikuwa ikiuma meno.

"Barafu mnayo lakini?" Uybaan aliuliza. "Msije mkanywa theluji."

"Ipo. Tumeanza ile uliyotuletea nyuma ya banda."

Uybaan aligeuza kichwa kuelekea banda.

"Nyuma ya banda?"

"Ile ya Desemba."

"Shemeji, Desemba sikumletea mtu barafu. Mzigo wangu wa mwisho kwenu ulikuwa Novemba, nikaupanga hapa mbele, karibu na lango. Chai ulinipa wewe mwenyewe."

Wakasimama. Palikuwa kimya kiasi kwamba Barbaara alisikia pumzi yake ikiganda na kuanguka kando ya sikio, kama mtama unaomiminwa mbali. Tiitteekh huuita mlio huo mnong'ono wa nyota. Watoto huupenda.

"Labda ni mwingine aliyewaonea huruma," Uybaan alisema mwishowe. Alipiga hatua mbili, akageuka. "Mtoto asitoke nje leo." Ukungu ukammeza.

Ziwa la Tiitteekh liko hatua mia nne kutoka nyumba ya Barbaara. Lina jina lake kwenye ramani, lakini hakuna mwenyeji anayelitaja. Huitwa Bibi. Kila Novemba, barafu ikishakuwa nene, watu hukata mabonge kwa Bibi na kuyapanga uani, na hayo ndiyo maji ya kunywa hadi masika. Msimu huu hawakukata. Tarehe 8 Oktoba Byotur, mume wa Barbaara, alikwenda juu ya barafu changa kumtoa farasi jike aliyekuwa amezama miguu ya mbele. Farasi alitoka. Byotur hakutoka. Walitafuta kwa kulabu siku mbili, kisha baridi ikalifunga ziwa. Na Bibi akimchukua mtu asimrudishe, maji yake hayanywewi hadi ayeyuke. Ndiyo maana Uybaan alikuwa akikokota barafu kutoka ziwa lingine, kilomita kumi na nne. Hilo hakuna asiyelijua Tiitteekh, hata watoto.

Nyuma ya banda vipande vilikuwa vidogo, ukubwa wa mkate. Barbaara alikuwa akivitumia kwa siku tano. Alikuwa ameona kwamba si barafu nzuri. Barafu nzuri ni ya buluu na jicho hupenya ndani yake. Yenye mapovu mkataji huipiga teke akaiacha hapo hapo. Hii yote ilikuwa na mapovu, meupe, bapa, yamepandana moja juu ya jingine kutoka chini kwenda juu. Alikuwa amejiambia kwamba mwaka wa shida mtu hachagui.

Sasa alikiinua kipande kimoja hadi karibu na macho. Mapovu ya chini yalikuwa makubwa. Ya juu yake madogo. Ya juu kabisa yalikuwa kama vichwa vya pini.

Kama mtu aliyehema, akahema, akahema... kisha akaacha.

Akakibeba ndani.

"Ni mimi," alisema mlangoni. Ndivyo desturi. Mlango ukifunguliwa wakati wa baridi kali, wingu huingia kwanza na mtu baadaye, kwa hiyo anayeingia hujitaja. Waliomo ndani hawaiti jina la mtu mpaka wingu limelala na uso wameuona.

Wingu likalala. Ogdoo, mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, alikuwa amesimama mbele ya jiko akipika chapati za maji. Sayina, mtoto wa Barbaara wa miaka saba, alikaa kwenye benchi na kigauni kisicho na mikono. Soksi zake zilikuwa sakafuni.

"Mama, hii barafu ya nyuma ya banda nani aliileta?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wewe nawe! Watu wema wana majina? Weka kwenye pipa, kuni zinaungua bure."

Ogdoo alimega chapati ya kwanza, akaitupa motoni. Ya kwanza huwa sadaka kwa moto siku zote. Chapati ilikaa juu ya makaa, nyeupe, haikuungua. Ogdoo akaufunga mlango wa jiko haraka.

Barbaara aliishusha barafu ndani ya pipa la maji lililo kando ya jiko. Ikapiga mlio wa kupasuka, kama barafu yoyote. Halafu povu moja likafunguka. Halafu la pili.

Hhhh...

Ilikuwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

Harufu ikafuata. Tope la chini, majani ya maji, samaki. Na ndani yake jasho la farasi na sigara za bei rahisi.

"Chai inanukia baba," Sayina alisema. Hakuwa na huzuni. Alikuwa akitaja jambo, kama kusema leo ni Alhamisi. "Jana aliishia bandani. Leo yuko kwenye ukumbi wa baridi, hapo nyuma ya mlango."

"Nani yuko ukumbini?"

"Nyanya kasema nisiseme."

Ogdoo aligeuza chapati.

Barbaara alikwenda kumvisha mtoto soksi. Aliposhika mguu wake, aliuachia. Ulikuwa kama kijiko kilichosahauliwa nje. Alileta kipimajoto cha kwapani, akasubiri dakika tano zote. Nyuzi 34.6. Alikikung'uta, akajipima mwenyewe. 36.5. Akampima mtoto tena, kisha akampigia simu Kapitolina, muuguzi wa zahanati.

"Kipimajoto chako kibovu," Kapitolina alisema.

"Mimi kimenipima sawa."

"Anatetemeka?"

"Hatetemeki. Anasema anasikia joto. Amevua soksi."

Kwenye simu zikasikika buti zikiburutwa sakafuni.

"Barbaara, nisikilize. Kutotetemeka ndiko kubaya. Mtoto akifika thelathini na mbili hapa kijijini sina cha kumfanyia. Ndege hairuki, na gari likizimika njiani mtakufa wote. Mkumbatie ngozi kwa ngozi, mpe kitu cha moto. Nakuja kwa miguu. Mpe chai!"

Barbaara alimpa chai, ya moto, yenye maziwa. Sayina aliinywa yote na kulamba ukingo wa kikombe. Barbaara alifungua sweta lake, akamlaza mtoto kifuani, akavuta blanketi la manyoya. Baada ya dakika kumi alimpima.

34.1.

Alitazama kikombe. Alitazama pipa.

Kisha akanyoosha mkono, akashika mkono wa mama mkwe wake uliokuwa umeshika upawa juu ya moto. Ulikuwa na baridi ile ile.

"Mama," alinong'ona. "Umekata kwa Bibi."

"Punguza sauti."

"Umekata pale pale alipoingia."

"Ningekata wapi?" Ogdoo naye alikuwa akinong'ona. "Wewe ulikuwa unashinda kazini, unapikia watoto wa watu shuleni. Mimi nashinda na dirisha hili. Mwanangu yuko chini ya barafu ya mita moja, na buti zimejaa maji. Ng'ombe wangu nimewavisha manyoya, Barbaara. Ng'ombe! Na mwanangu nimwache hivyo hivyo?"

"Amekufa, mama."

"Nani kakataa? Amekufa, na anasikia baridi. Bibi yangu mzaa mama alifanya hivi mwaka wa njaa, wakati wa vita, kwa mumewe. Unachagua yenye mapovu. Ni pumzi zake zile. Ukiziyeyusha karibu na moto, mwenyewe anazifuata. Anakuja anaota moto."

"Akaja?"

"Akaja."

"Na waliokuwa ndani?"

Ogdoo aliuweka upawa chini.

"Walikuwa saba," alisema. "Masika walitoka wawili."

Sayina alikuwa amefumba macho. Pumzi yake ilikuwa inatoka, inakaa, ndipo nyingine inatoka.

"Mtu wa kule hana moto wake," Ogdoo alisema. "Anachukua wa damu yake. Nikasema atachukua wangu. Mimi kikongwe, joto la nini? Mtoto nilimwambia asinywe ile chai."

"Ulimwambia lini?"

Ogdoo aliifuta mikono yake kwenye aproni, mbele na nyuma, mbele na nyuma. "Wewe usiogope," alisema. "Wewe si damu yake. Hatakugusa."

Barbaara alikuwa amekunywa maji yale siku tano. Alikuwa amepata ladha ya tope, basi. Kwa miezi mitatu alikuwa akilala upande mmoja wa kitanda, mwingine akiuacha. Na mumewe alikuwa amerudi, akapita bandani, akapita ukumbini, na kwake yeye hakuleta hata baridi yake.

Mlango ukafunguka.

Hakuna aliyegonga. Wingu liliingia, zito, likajaa chumba hadi kwenye meza, na nyuma ya wingu hakuna aliyesema "Ni mimi."

Barbaara alimziba mtoto mdomo kwa kiganja.

"Mama, usiite," alinong'ona. "Nakuomba... usiite jina."

Tap.

Tap.

Maji yalikuwa yakidondoka sakafuni. Kutoka nje, kwenye nyuzi hamsini na saba, hakuna mtu anayeingia akidondoka maji.

"Byotur?" Ogdoo alisema. "Ingia, mwanangu. Ingia ufunge mlango."

Ndani ya wingu mtu aliinama chini ya boriti ya mlango, kama alivyozoea kuinama kwa miaka kumi na mmoja, akanyooka. Sura haikuonekana. Lilionekana koti, na bega moja lililokuwa chini kuliko lingine. Sayina alifungua macho, akanyoosha mikono yote miwili kwa yule mtu, na Barbaara alihisi joto likimtoka mtoto kama maji yanavyotoka kwenye chombo kilichotoboka. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu.

Alimweka chini. Akasimama kati yao.

"Byotur," alisema. Jina lilikuwa limekwisha kuitwa, hakuwa na la kuficha. "Mtoto amepoa."

Tap.

"Ungekuja kwangu. Ningekupa lote."

Yule mtu hakusogea. Barbaara alingoja. Baadaye aliwaambia polisi kwamba alingoja kidogo, hajui muda gani, kwa sababu alitaka aseme neno lolote. Kisha alilishika pipa kwa mikono miwili. Lilikuwa na lita arobaini. Alilikokota, akapita ndani ya wingu, akapita karibu na lile koti kiasi cha kunusa farasi, akalipindua kizingitini.

Maji yalikwenda nje. Yalipokutana na hewa yalipiga mlio kama mafuta kwenye kikaango, yakawa moshi mweupe kabla hayajagusa theluji. Na ndani ya mlio huo pumzi moja ndefu ilitoka, ikaenda nje, ikaenda...

"Hapa si pako tena," Barbaara alisema.

Ogdoo alimrukia. Hakuwa na nguvu, alikuwa na kucha.

"Umemtupa! Umemtupa mtoto wangu nje! Una moyo gani, mwanamke wewe? Mbwa tunamfungulia ukumbi usiku, umemtupa mtoto wangu!"

"Mama, mtoto yuko hapa! Mtazame Sayina!"

Ogdoo alimtazama. Barbaara aliliona hilo: alimtazama mjukuu wake sakafuni, akatazama mlango, akamtazama tena. Midomo yake ilisema kitu kwa mtoto, bila sauti. Halafu wingu jipya likaingia kutoka nje, zito kuliko la kwanza, na Barbaara hakuona tena chochote.

Alipapasa sakafu hadi akampata Sayina. Mtoto alikuwa anatetemeka. Meno yalikuwa yanagongana kwa nguvu hadi yalisikika. Kapitolina alikuwa amesema kutotetemeka ndiko kubaya. Barbaara alimshika mtoto, akalishika tetemeko lile, na hakuna kitu alichowahi kukishika kwa namna hiyo.

Wingu lilipolala, karibu na jiko hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi.

Mtu aliyevaa nguo za ndani ya nyumba, kwenye baridi ile, ana dakika chache. Barbaara alilijua hilo. Angeweza kutoka, na mtoto angebaki peke yake na mlango ukiwa wazi. Au kumbeba mtoto nje. Alisimama kizingitini na Sayina mikononi. Alisikia viatu vya sufu vikienda, taratibu, bila haraka ya mtu anayekimbia. Krr, krr. Akaita mara mbili.

"Mama! Mama, rudi!"

Viatu havikusimama.

Alifunga mlango. Hili alilieleza mwenyewe kwa polisi, bila kuulizwa.

Saa kumi na dakika ishirini sauti ilisema mlangoni, "Ni mimi, Kapitolina." Mtoto alikuwa na nyuzi 35.2. Saa kumi na moja alikuwa na 36.1 na alikuwa analia kwamba miguu inamuuma. Kapitolina alisema miguu ikiuma ni heri. Aliona pipa limelala kizingitini, akaona mkwaruzo mpya shavuni kwa Barbaara, akawasha moto zaidi. Maji ya chai alituma yaletwe kutoka kwake.

Uybaan na wanaume wawili walifuata nyayo kwa tochi, kila mtu na betri za akiba kwapani kwa kuwa baridi huziua. Nyayo zilikuwa za viatu vya ndani, ndogo, zimenyooka kama uzi kuelekea kwa Bibi. Mtu anayeganda hupepesuka. Hizi hazikupepesuka. Upande wa kushoto wa nyayo, kwa umbali ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na matone ya maji yaliyoganda juu ya theluji. Uybaan alipima nafasi ya tone hadi tone kwa hatua zake mwenyewe. Ilibidi atanue miguu kidogo. Byotur alikuwa mrefu kuliko yeye.

Nyayo ziliishia mahali ambapo barafu ilikuwa imechimbwa vipande ukubwa wa mkate, safu kwa safu, kama ukuta uliong'olewa matofali. Zilifika hapo zikakoma. Hapakuwa na tundu wala ufa. Walitoboa kwa mtaimbo kwa zamu ili kuhakikisha. Barafu ilikuwa ya sentimita tisini na nne.

"Turudi," mmoja wao alisema.

Uybaan hakurudi nao. Alikwenda nyuma ya banda la Barbaara, akapakia vipande vyote vilivyobaki kwenye kigari cha kukokota kwa kamba, akavirudisha pale vilipotoka, kimoja kimoja, na akavipanga kwa mikono. Alimaliza akiwa hasikii vidole. Viwili vya mkono wa kushoto vilikatwa Februari.

Februari hiyo hiyo shule ilifunguliwa. Sayina alirudi darasani. Kipimo chake ni cha kawaida, 36.6, na Barbaara humpima kila jioni. Mtoto hukumbuka kwamba nyanya alikuwa akipika chapati. Hakumbuki zaidi, au hataki.

Bibi alipasuka tarehe 27 Mei. Tarehe 2 Juni, saa mbili asubuhi, wavuvi wawili walimkuta Byotur kwenye matete, mita sitini kutoka nyumba ya kwanza. Baridi ya chini ilikuwa imemhifadhi. Mpelelezi wa wilaya alikuja kwa mashua, akaandika orodha: buti moja, koti la kazi, sweta, kisu ndani ya ala. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukielewa, akamwita mjane aje akitambue.

Ilikuwa shali ya kijivu ya manyoya ya mbuzi. Ilikuwa imezungushwa shingoni mara mbili na kufungwa fundo kwa nyuma, kama wanavyofungwa watoto wanapokwenda shule.

Barbaara aliitambua. Aliinunua mwenyewe dukani Tiitteekh, tarehe 29 Desemba, zawadi ya Mwaka Mpya kwa mama mkwe wake. Risiti ilikuwepo. Mpelelezi aliisoma tarehe mara mbili, akaandika: asili haijulikani. Barbaara alitia sahihi.

Byotur alizikwa tarehe 5 Juni na shali yake shingoni. Kapitolina alitaka kuifungua ili amwoshe vizuri, Barbaara akamwambia aache.

Ogdoo hajapatikana.